Nani Aliyesema? Sheria za Kanisa na Miswada Iliyozibeba

Jumapili baada ya komunyo, katibu wa parokia anasogea kwenye kipaza sauti na karatasi yake. Kijana wa jumuiya fulani anatarajia kufunga ndoa takatifu na binti wa jumuiya nyingine. Hili ni tangazo la pili. Mwenye kujua kizuizi chochote amwone paroko. Watu wanageuza shingo kuwatafuta wachumba, halafu linafuata tangazo la michango ya ukarabati na maisha yanaendelea.

Tangazo hilo lina umri wa zaidi ya miaka 800. Lilitoka Roma mwezi Novemba mwaka 1215, katika Mtaguso wa Nne wa Laterano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu. Kanoni ya 51, yaani ibara ya 51 ya sheria zake, iliagiza kwamba ndoa inapokaribia, mapadre waitangaze hadharani kanisani, na muda maalumu uwekwe ili mwenye kujua kizuizi halali akitaje. Kanoni iliyotangulia ilikuwa imepunguza ngazi za undugu wa damu zinazozuia ndoa kutoka saba hadi nne, maana kuhesabu ndugu hadi ngazi ya saba kulikuwa kumewashinda watu. Mwaka 1563 Mtaguso wa Trento ukaongeza kwamba tangazo lisomwe katika sikukuu tatu mfululizo.

Ni rahisi kudhani kwamba maneno ya mtaguso yaliandikwa mahali pamoja, yakapigwa muhuri, yakatunzwa, na kila aliyeyahitaji akaenda kuyasoma hapo. Haikuwa hivyo. Kanisa Katoliki halikuwa na kitabu kimoja cha sheria chenye ibara zilizopangwa kwa namba hadi Papa Benedikto XV alipotangaza Mkusanyo wa Sheria za Kanisa mwaka 1917, wenye kanoni 2,414. Huu unaotumika leo ni wa mwaka 1983 na una kanoni 1,752. Kabla ya hapo, kwa miaka elfu moja na mia kadhaa, sheria ilikaa ndani ya mikusanyo. Mtu mmoja, askofu au mmonaki au mwalimu, alikusanya kanoni za mitaguso, barua za mapapa na vifungu vya Mababa wa Kanisa, walimu wakuu wa imani wa karne za mwanzo, akavipanga alivyoona vinafaa, na wengine wakamnakili kwa mkono juu ya ngozi. Mara nyingi hakuna aliyemtuma. Kitabu kilipata nguvu kwa sababu watu walikitumia.

Hapo ndipo linapozaliwa swali ambalo kwangu ndilo kiini cha jambo hili lote. Ukikuta kanoni kwenye ukurasa wa ngozi, nguvu yake inategemea jina lililoandikwa juu yake. Likiwa jina la Mtaguso wa Nisea, kila askofu atainamisha kichwa. Likiwa la sinodi ya mkoa fulani, wa mkoa wa pili atauliza inamhusu nini. Sasa, nani anathibitisha jina hilo? Shahidi ni mswada wenyewe, kitabu kilichonakiliwa kwa mkono, na miswada ina makosa yake, siri zake, na mara nyingine uongo wake.

Kesi ya kwanza kubwa ya aina hii ilitokea barani kwetu. Katika mji wa Sicca, ulioko Tunisia ya leo, kulikuwa na padre aitwaye Apiarius ambaye askofu wake, Urbanus, alimvua madaraka kwa makosa mazito. Apiarius akakata rufaa Roma kwa Papa Zosimo. Mwaka 418 Papa akatuma wajumbe Karthago, mji mkuu wa kanisa la Afrika ya Kirumi, wakiongozwa na Faustinus, askofu wa Potentia huko Italia, na wajumbe wakaja na kanoni mkononi: Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325, walisema, unaruhusu rufaa kwenda Roma. Maaskofu wa Afrika wakafungua nakala zao za Nisea. Kanoni hizo hazikuwemo.

Mwezi Mei 419 maaskofu 217 walikutana Karthago chini ya Askofu Aurelius. Augustino wa Hippo alikuwemo. Hawakumwita Papa mwongo, wala hawakukubali kanoni wasizozijua. Walisema watazishika kwa muda wakati ukweli unatafutwa, wakatuma watu Mashariki kuomba nakala za kuaminika za Nisea. Askofu Atticus wa Konstantinopoli akajibu, na Sirili wa Aleksandria naye akajibu, kila mmoja akituma nakala kutoka hifadhi ya kanisa lake. Mwezi Novemba mwaka huohuo majibu hayo yalipelekwa Roma. Kanoni za rufaa hazikuwemo katika nakala yoyote ya Mashariki.

Nini kilitokea? Roma haikughushi kitu. Kanoni zile zilikuwa za kweli, ila zilikuwa za mtaguso mwingine, ule wa Serdica wa mwaka 343, mji ambao leo ni Sofia, Bulgaria. Katika miswada ya Roma kanoni za Serdica zilinakiliwa mara baada ya zile za Nisea bila kichwa kipya, na namba zikaendelea. Msomaji aliyefungua kitabu aliona orodha moja ndefu yenye jina la Nisea juu yake. Nafasi ya mistari miwili iliyorukwa na mnakili ikageuka ugomvi kati ya Karthago na Roma. Apiarius mwenyewe aliinua rufaa tena miaka michache baadaye, na safari hiyo, alipohojiwa mbele ya maaskofu, akaungama makosa yake. Waafrika wakamwandikia Papa Selestino barua ambayo bado inasomeka kwa heshima na ukali kwa pamoja, wakimweleza kwamba kanoni hizo hazimo katika nakala za kweli za Nisea.

Namheshimu sana Aurelius na wenzake kwa jambo hili. Walifanya kile ambacho kila mtafiti wa miswada anafanya leo: usibishane juu ya maneno kabla hujalinganisha nakala, na nakala uiombe kwa yule aliye karibu zaidi na chanzo. Katika maktaba ya kanisa kuu la Verona, Italia, upo mswada wa karibu mwaka 700, namba LX (58), wenye nyaraka za Aleksandria na za Karthago pamoja, na wapo wataalamu wanaoona kwamba sehemu ya nyaraka hizo ilitokana na mzigo uleule ambao Sirili aliutuma Karthago. Na mwaka 1999, katika kanisa la Ura Masqal huko Tigray, Ethiopia, uliibuka mswada wa kale wa ngozi kwa lugha ya Kigeezi. Mtaalamu Alessandro Bausi aliuchunguza akaona kwamba ndani yake mna mkusanyo wa kanoni na nyaraka uliotafsiriwa moja kwa moja kutoka Kigiriki zama za ufalme wa Aksum, na baadhi ya maandiko yake ni ndugu wa yale ya Verona. Mswada mmoja Italia, mwingine mlimani Tigray, na vyote vinaelekeza kwenye hifadhi moja ya Aleksandria iliyokwisha kupotea.

Karibu mwaka 500 mmonaki Dionysius Exiguus, aliyekuwa akiishi Roma, alitafsiri upya kanoni za Kigiriki kwenda Kilatini, akaiweka Serdica mahali pake chini ya jina lake, akaongeza kanoni za Karthago. (Ndiye pia aliyeanzisha hesabu ya miaka tangu kuzaliwa kwa Kristo.) Mwaka 774 Papa Hadriani I alimpa Karolo Mkuu mkusanyo uliotokana na kazi ya Dionysius, ukaenea katika milki yote ya Wafranki. Kwa hiyo Ulaya ya Zama za Kati ilisoma maamuzi ya Karthago na Hippo kama sheria yake, wakati makanisa yale ya Afrika Kaskazini yalikuwa yakipungua na kutoweka.

Miongo kadhaa baadaye jina la juu ya kanoni likawa silaha. Katikati ya karne ya 9, huko Ufaransa ya Kaskazini, kundi la watu waliojificha nyuma ya jina la Isidorus Mercator lilitengeneza barua nyingi za mapapa wa mwanzo, kuanzia Klementi I, karne ya kwanza, hadi Miltiadi, mwanzoni mwa karne ya nne. Barua hizo hazikuwahi kuandikwa na mapapa hao. Lengo lilionekana wazi: kumkinga askofu asiondolewe kirahisi na askofu mkuu wake au na mfalme, na kuhakikisha kwamba kesi yake inaweza kufika Roma. Miaka hiyo maaskofu kadhaa walikuwa wameangushwa katika siasa za kifalme, hivyo hofu yao ilikuwa na sababu. Lakini njia waliyoichagua ilikuwa kuweka maneno yao vinywani mwa wafia dini.

Waliifanya kwa ustadi mkubwa. Hawakutunga sentensi nyingi mpya. Walikata vifungu kutoka mamia ya maandiko ya kweli wakavishona pamoja kama mshonaji wa viraka, hata kila sentensi ikawa na harufu ya ukale. Kilichowafichua ni viraka vyenyewe. Mapapa wa karne ya pili walionekana wakinukuu Biblia ya Kilatini iliyotafsiriwa na Yeronimo, aliyezaliwa zaidi ya miaka 100 baada yao. Mashaka yalianza karne ya 15 na 16, na mwaka 1628 Mprotestanti David Blondel alichapa kitabu Geneva akionyesha, barua kwa barua, kila kipande kilichukuliwa wapi. Baada ya hapo hakuna msomi makini aliyezitetea.

Nani walikuwa waghushi hao? Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mjerumani Klaus Zechiel-Eckes aligundua jambo ambalo lilikuwa pembeni mwa kurasa muda wote. Alichukua miswada iliyowahi kuwa mali ya abasia (monasteri) ya Corbie, karibu na Amiens, mmoja leo uko Saint Petersburg na mwingine Paris, akaona alama ndogo zimewekwa kando ya vifungu fulani. Alipovilinganisha vifungu hivyo na barua za uongo, vikalingana. Msomaji fulani wa karne ya 9 alikuwa ameketi na vitabu hivi, kalamu mkononi, akitia alama palipo na maneno ya kutumia, kama fundi anayechora chaki kwenye kitambaa kabla ya mkasi. Wasomi wanaendelea kubishana kuhusu watu hao na miaka yao, lakini alama zile hazifutiki. Leo miswada kama 100 ya mkusanyo huo bado ipo, na wingi huo unaonyesha jinsi ulivyopendwa.

Burchard, askofu wa Worms huko Ujerumani, aliyekusanya vitabu 20 vyenye sura 1,785 mwanzoni mwa karne ya 11, alifanya jambo dogo zaidi lakini la jamii hiyohiyo. Alipokuta agizo zuri lililotoka kwa mfalme, alibadilisha jina la juu likawa la papa au la mtaguso, maana sheria ya Kanisa haikupaswa kusimama juu ya amri ya mtawala wa dunia. Kitabu chake cha 19 ni cha muungamishi, na maswali yake yanakuingiza moja kwa moja ndani ya nyumba za watu. Mwanamke anaulizwa kama amewahi kuandaa meza usiku fulani wa mwaka, yenye chakula, kinywaji na visu vitatu, ili wale dada watatu wa majaliwa, viumbe wasioonekana, wakipita wapate kula. Mtu aliyekulia penye matambiko ya kuwawekea chakula wasioonekana atamwelewa mara moja mwanamke yule wa Worms.

Kufikia mwaka 1100, askofu mwenye maktaba nzuri alikuwa na mikusanyo mingi, na kanoni zake zilipingana. Huyu anasema padre aliyeasi arudishwe, yule anasema kamwe. Ivo, askofu wa Chartres, aliyefariki mwaka 1115, aliandika dibaji nzuri mno akifundisha kwamba kanoni nyingine ni za ukali na nyingine ni za huruma, na msomaji aangalie ipi ni ipi kabla hajalalamika kwamba zinapingana. Lakini kazi ya kuzipatanisha moja baada ya nyingine ilifanyika Bologna, na mwalimu aliyeitwa Gratian.

Kuhusu mtu huyu tunajua machache mno. Kwa karne nyingi vitabu vilimwita mmonaki wa shirika fulani na kutaja monasteri yake, hadi mwaka 1979 John Noonan alipochambua ushahidi akaonyesha kwamba karibu wote ni hewa. Kitabu chake tunacho. Jina alilolitaka ni Upatanisho wa Kanoni Zisizopatana, lakini wasomi waliishia kukiita Decretum. Kilikamilika karibu mwaka 1140, au miaka michache baada ya hapo, na kina sehemu ya kwanza yenye migawanyo 101, ya pili yenye mashauri 36, na ya tatu kuhusu sakramenti.

Mashauri ndiyo roho yake. Gratian anakusimulia kisa, kisha anauliza maswali. Katika shauri la 29, mwanamke wa ukoo bora anapelekewa habari kwamba mtoto wa mtu mkubwa anamposa. Anakubali. Anakuja mwanamume mwingine, mtu wa utumwani, akijifanya ndiye yule, na mwanamke anaolewa naye. Baadaye mposaji wa kweli anafika. Mwanamke analia kwamba amedanganywa na anataka kwenda kwa yule wa kwanza. Je, kuna ndoa hapo? Ni kisa cha kubishaniwa barazani hadi kahawa ipoe. Gratian anajibu kwa kutenganisha makosa manne: kukosea mtu, kukosea mali, kukosea hali ya utumwa au uhuru, na kukosea tabia. Ukiuziwa shaba ukaambiwa ni dhahabu, anauliza, tuseme umekubali shaba? Aliyekosea mtu hakukubali. Aliyedhani mume ni tajiri kumbe hohehahe, huyo amekubali, avumilie. Kanoni ya 1097 ya mwaka 1983 bado inasema kwamba kukosea mtu kunabatilisha ndoa, na kwamba kukosea sifa ya mtu hakuibatilishi, isipokuwa sifa hiyo ndiyo iliyokusudiwa moja kwa moja na kwa nafasi ya kwanza. Mahakama za ndoa za majimbo yetu zinafanya kazi juu ya mstari huo.

Zaidi ya miswada 600 ya Decretum imesalia, jambo ambalo ni nadra kwa kitabu cha Zama za Kati. Kuiangalia mmojawapo ni kuelewa kwa nini kuisoma ni kazi. Maandishi makuu yako katikati kwa safu mbili. Kuyazunguka, kwa herufi ndogo zaidi, kuna maelezo ya walimu, hasa yale yaliyopangwa na Johannes Teutonicus karibu mwaka 1215 na kurekebishwa baadaye na Bartholomew wa Brescia. Juu ya kila kanoni kuna mstari wa wino mwekundu unaotaja ilikotoka. Mstari huo haukuandikwa pamoja na kanoni. Mnakili aliandika kwa wino mweusi akaacha nafasi, na mwenye wino mwekundu alipita baadaye kujaza. Mara nyingine nafasi ilikuwa ndogo, mara nyingine alichoka, mara nyingine alijaza kichwa cha kanoni inayofuata. Majina yalifupishwa: "Greg." ni Papa Gregori yupi? Na neno baya kuliko yote ni "Idem", yaani "huyohuyo". Augustino anasema hivi, huyohuyo anasema vile. Mnakili akiruka kanoni moja hapo katikati, au mtu akichomeka ya Ambrosi, "huyohuyo" anahamia kwa mtu mwingine na hakuna anayejua. Waliowahi kulinganisha nakala mbili za utenzi wa zamani wa Lamu au Pate ulioandikwa kwa hati za Kiarabu wanaijua hali hii: beti zimehama, nyingine zimeongezeka, na kila mwenye nakala anaapa kwamba yake ndiyo.

Bologna, na Paris pia, walibuni njia ya kuongeza nakala haraka. Muuza vitabu alikuwa na nakala mama iliyokaguliwa, isiyofungwa, iliyogawanywa katika vipande. Mwanafunzi au mnakili alikodi kipande kimoja, akakinakili, akakirudisha, akachukua cha pili. Kwa njia hiyo watu wengi walinakili kitabu kimoja kwa wakati mmoja. Lakini kipande cha tano kikiwa kwa mwenzako, unanakili cha sita kwanza na kuacha nafasi, na ikiwa umeikadiria vibaya, herufi zitabanana au ukurasa utabaki mtupu.

Toleo linalotumiwa na wasomi hadi leo ni la Emil Friedberg, lililochapwa Leipzig mwaka 1879. Alitumia miswada minane. Kwa zaidi ya miaka 100 kila aliyeandika kuhusu Gratian aliandika kuhusu kitabu kile. Wote waliona kwamba fikra za Gratian zina mtiririko mgumu. Anasema "kutokana na haya", lakini "haya" yako kurasa mbili nyuma, na katikati kuna kanoni zisizohusika. Wakasema, ndivyo alivyokuwa.

Katika miaka ya 1990 kijana wa Sweden aliyekuwa akisomea udaktari Marekani, Anders Winroth, alianza kuangalia miswada ambayo orodha za maktaba ziliitaja kuwa vifupisho vya Decretum. Mmoja uko Florence, mwingine Barcelona, mwingine Paris, na mwingine katika abasia ya Admont, Austria, umefungwa kama vitabu viwili. Ule wa Barcelona na ule wa Paris una sehemu tu ya kazi. Vifupisho vilikuwa vitu vya kawaida, hivyo hakuna aliyejali. Winroth alisoma akaona jambo la ajabu. Katika nakala hizi hoja ilitiririka. "Kutokana na haya" ilifuata "haya" papo hapo. Sheria ya Kirumi ya Kaisari Justiniani, ambayo Decretum ya kawaida imeijaa, karibu haikuwemo, na sehemu nzima ya tatu haikuwemo. Mtu anayefupisha kitabu hukata huku na huko. Hawezi kwa kukata tu kuirudishia hoja mshikamano ambao haikuwa nao. Hivi havikuwa vifupisho. Lilikuwa toleo la kwanza, karibu nusu ya ukubwa wa lile la pili.

Ushahidi uliokuwa mzuri kuliko wote ulikuwa pembeni tena, kama kule Corbie. Katika miswada ya Florence na Admont, kanoni zinazokosekana zimeongezwa pembezoni au katika nyongeza mwishoni. Fikiria mwenye kitabu. Amenunua Decretum kwa fedha nyingi, makumi ya ngozi za kondoo, miezi ya kazi. Mara anasikia kwamba darasani sasa linatumika toleo jipya lenye kanoni karibu maradufu. Hawezi kununua kingine. Anakaa na nakala ya jirani, anaandika kanoni mpya pembeni kwa herufi ndogo, zinapozidi anashonea kurasa nyuma na kuweka alama za kuonyesha kila moja iingie wapi. Kwa kuokoa fedha zake alitunza kitabu ambacho kingepotea kabisa. Miswada 600 ilibeba toleo la pili; toleo la kwanza limetufikia kwa kiganja cha miswada, kwa sababu wenyewe hawakuwa na uwezo au nia ya kuitupa.

Winroth alichapa kitabu chake mwaka 2000 na kudai zaidi: kwamba toleo la pili ni kazi ya mtu mwingine. Hapo wengi hawakukubaliana naye, na wapo wanaoona hatua nyingi zaidi ya mbili. Mimi naona hoja ya matoleo mawili imesimama imara, na ile ya watu wawili bado inadai ushahidi. Lakini tazama lilivyogeuka swali letu. Tulianza kwa kuuliza nani alisema kanoni hii. Sasa hata anayetujibu, mwenyewe hatujui ni mmoja au ni zaidi.

Gratian alichukua barua nyingi za Isidorus Mercator bila kushuku, kutoka mikusanyo iliyomtangulia, na hivyo maneno ya waghushi wa karne ya 9 yakafundishwa katika kila chuo kikuu. Lakini baada yake mapapa wenyewe walianza kuandika barua za hukumu kwa wingi, na walimu wakazikusanya. Bernard wa Pavia alitoa mkusanyo karibu mwaka 1191 wenye vitabu vitano: mwamuzi, kesi, makleri, ndoa, makosa ya jinai. Mikusanyo mingine minne ikafuata, na wa nne kati ya yote mitano ndio uliobeba kanoni za Laterano, pamoja na tangazo letu la ndoa. Mwaka 1230 Papa Gregori IX alimpa Mdominiko Raimundo wa Penyafort kazi ya kuiunganisha yote. Tarehe 5 Septemba 1234 Papa akautuma mkusanyo huo kwa walimu na wanafunzi, akaagiza utumike mahakamani na darasani, na asithubutu mtu kutengeneza mwingine bila idhini ya Roma. Sasa kitabu kizima kilikuwa na jina lisilo na shaka juu yake. Miswada yake imesalia kama 700. Tangazo la ndoa limo katika kitabu cha nne.

Raimundo alilipa bei kwa unadhifu huo, au tuseme tumeilipa sisi. Barua ya papa ilianza na kisa: mwanamke fulani wa jimbo fulani ameleta malalamiko, mumewe amesafiri miaka kadhaa, jirani ameshuhudia hivi. Raimundo alikata visa akabakiza hukumu, na mahali pa kukata kukawekwa maneno "na chini zaidi". Friedberg alijaribu kuvirudisha kwa herufi za mlazo kutoka mikusanyo ya zamani. Bila miswada ile ambayo Papa alitaka iachwe, watu hao waliopeleka machozi yao Roma wasingekuwa na sauti tena.

Mwaka 1582 ulitoka Roma mkusanyo rasmi uliochapwa kwa mashine, na wengi wakaona hawana haja ya ngozi. Tarehe 10 Desemba 1520 Martin Luther alikuwa ameshavichoma moto vitabu vya sheria za Kanisa nje ya lango la Wittenberg. Kwingineko havikuchomwa, vilitumika. Ngozi ni imara, na makarani wa serikali walihitaji majalada. Nchini Sweden, baada ya mfalme Gustav Vasa kuchukua mali za Kanisa, wakusanya kodi walivunjavunja vitabu vya zamani na kufungia kurasa zake daftari za hesabu zilizopelekwa Stockholm. Hifadhi ya Taifa ya nchi hiyo ina vipande zaidi ya 20,000 vya aina hiyo, na vya sheria za Kanisa vimo. Unafungua daftari la kodi la karne ya 16, na jalada lake ni ukurasa wa safu mbili wenye maelezo pande zote. Karani ameandika juu yake jina la wilaya na mwaka. Mkasi umepita mahali palipofaa jalada, mara nyingi juu kabisa, kwenye mstari wa wino mwekundu.